Nilimtafsiria Mama Uongo

Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Mniwie radhi, nimewatazama mmoja mmoja kabla sijasimama. Nilikuwa nataka kujua nani kaja kunisikiliza na nani kaja kunichunguza. Huo ndio ugonjwa wangu, na ndio nimekuja kuusema.

Mimi ni mtu wa Mkuyuni, baba yangu analima karafuu. Nilipopata nafasi ya kwenda Misri kusoma Kiarabu, kijiji kizima kilinisomea dua. Nilikaa miaka minne. Nikarudi na kanzu safi na ndevu, watu wakaniita ustadhi. Ndugu zangu, nawaambia leo mbele yenu: nilirudi bila Kiarabu.

Ilikuwaje? Wiki ya kwanza darasani mwalimu alinitaka nitamke herufi ya ain, ile inayotoka kooni. Nikatamka kama tunavyotamka sisi, "a". Akasema, tena. Nikarudia. Nyuma yangu watu wakacheka. Labda walicheka jambo lao, mpaka leo sijui. Lakini tangu siku ile kila kicheko cha Misri nzima kikawa changu. Muuza mikate akinong'ona na mwenzake, najua nasemwa mimi. Mwenzangu wa chumba, Mkomoro, aliniambia, "Tuwe tunasoma pamoja." Nikajiuliza, huyu anataka nini? Anataka ajue nimekwama wapi, akanitangaze. Nikahama. Nikaenda kukaa na Waswahili wenzangu, tukawa tunaongea Kiswahili kutwa nzima. Mwaka wa pili nikafeli, chuo nikaacha. Miaka miwili iliyobaki nilikuwa nakunja nguo kwenye ghala, na nyumbani nikipiga simu nasema, "Masomo yanaendelea, alhamdulillah."

Niliporudi nilipewa watoto wa madrasa. Kusoma Kurani nilikujua tangu utotoni, kwa hiyo hapo sikuyumba. Shida ilikuwa maana. Mtu akiniuliza maana ya neno, silifikirii neno. Nafikiria nani kamtuma. Kijana mmoja anayesoma chuo cha Mzumbe aliniuliza maana ya aya, kwa adabu kabisa. Nikaacha kuitikia salamu yake. Mnacheka, lakini mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha watoto kwamba salamu ni haki ya Muislamu.

Ndipo akaja mama mmoja ambaye binti yake anafanya kazi za ndani Oman. Alinikuta sokoni, watu wamejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ustadhi. Mwanangu, nisikilizie hii. Binti yangu hapokei simu, leo siku ya nne. Halafu bosi wake kanitumia ujumbe wa sauti, Kiarabu kitupu."

Nikaweka simu sikioni. Mwanamke anaongea haraka haraka. Neno nililolishika ni moja tu, mustashfa, yaani hospitali. Nikainua macho, nikaona wanaume wawili kwenye meza ya ndizi wananitazama. Moyoni nikasema, wamemtuma hawa. Huu ni mtego. Basi kwa neno lile moja nikatunga habari nzima.

"Mtoto wa bosi kalazwa hospitali, binti yako ndiye anayemuuguza. Mwenyewe mzima, anakusalimu."

Mama akainua mikono kushukuru, akaondoka zake kuelekea mlimani.

Baada ya wiki alirudi. Nilipomwona kwa mbali, kwanza nikaangalia nani yuko nyuma yake. Alikuwa peke yake. Akaja mpaka kibarazani kwetu, akakaa.

"Ustadhi, binti yangu kapiga simu. Alipasuliwa kidole tumbo. Alikuwa hali chakula kwa hofu, ndiyo maana bosi wake akaniomba nimtumie sauti yangu imtulize. Wiki nzima mwanangu ananisubiri. Ananiuliza, mama, mbona ulikaa kimya?"

Nikaanza, "Unajua, mama, Kiarabu cha Oman ni tofauti na..."

"Sikuulizi Kiarabu cha wapi. Nakuuliza, ulielewa?"

Nikakiri, "Sikuelewa, mama."

"Ungeniambia hivyo siku ile, ningeshuka mjini kumtafuta mwingine."

Nami, mjinga, badala ya kumwomba radhi nikauliza, "Nani alikutuma kwangu?"

Akasema, "Anitume nani? Si wewe ndiye uliyekwenda Misri?"

Na wale wanaume wa ndizi? Nilikuja kuambiwa kwamba walikuwa wanangoja nisogee, nilikuwa nimesimama mbele ya mzigo wao.

Mama alinipa adhabu moja tu: nimpigie binti mwenyewe, nimweleze. Nikapiga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, nimesikia," akakata. Amepona, alhamdulillah. Mimi hajanisamehe, na siwezi kumlazimisha. Kisha nikamwendea imamu wetu, nikijua atanifukuza. Akasema, "Watoto endelea kuwafundisha kusoma. Maana ya maneno, nenda kajifunze."

Ndivyo nilivyofika hapa Mwembesongo, kwenye darasa hili la Kiarabu, kwa mwalimu wetu huyu, mama ambaye Misri hajafika na Kiarabu anakijua. Hata yeye nilimshuku. Kwa nini ananisahihisha mimi kuliko wengine? Siku moja nikajikaza, nikamuuliza. Akajibu, "Kwa sababu wewe unakosea zaidi." Basi. Hakukuwa na lingine nyuma ya hilo.

Sijapona sawasawa, nisiwadanganye. Lakini siku hizi nauliza. Namshukuru mwalimu, namshukuru imamu, na yule Mkomoro popote alipo Mungu amlipe kwa nia yake njema. Zaidi namshukuru mama yule, aliyekuja kibarazani peke yake wakati angeweza kunitangaza sokoni.

Ninachowaachia ni hiki. Mtu akikuuliza usichokijua, usihangaike kumtafuta aliyemtuma. Mwambie hujui, tena mwambie mapema, apate kuwahi kwa anayejua. Huenda kuna mtu kitandani anamsubiri.

Nashukuru kwa kunivumilia. Wassalaamu alaykum.