Makoti Yaliyokatwa na Bi Dalenda

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2017, Bi Dalenda Chaabane anaweka mkasi chini baada ya miaka thelathini na minne ya kukata nguo za wanawake wa ofisini katika karakana yetu hapa Tunis. Mimi Mongia, msimamizi wa chumba cha ushonaji, nimeombwa niandike wasifu wake. Nilikubali upesi, kisha kalamu ikawa nzito. Sababu mtaiona.

Alikuja Septemba 1983, akiwa na miaka ishirini na sita, kutoka mji wa Béja. Fundi mzee aliyempokea alimfundisha mitindo ya miaka ya hamsini: koti linaloshika kiuno na kufunguka nyongani, sketi inayoishia chini kidogo ya goti, blauzi yenye ukosi wa mviringo. Aliipenda mitindo hiyo kwa kuwa ilifuata mwili wa mtu mwenye nyonga na tumbo, si wa sanamu ya dirishani.

Wateja wanamkumbuka kwa kiti chake. Kila aliyejaribu nguo alikalishwa, akaambiwa ainame kama anayeandika, kisha anyooshe mkono kama anayechukua faili. Bwana Taoufik, mwenye karakana, alimcheka. Bi Dalenda akamwomba kwa adabu naye akae, na suruali yake mpya ya dukani ikapasuka. Hakucheka tena.

Palikuwa na mhasibu mmoja, bega lake moja liko chini kuliko jingine, ambaye alijitanda shali hata mwezi wa Agosti na kuomba radhi kabla hajapimwa.

"Mwili haukosei, dada," Bi Dalenda alimwambia. "Anayekosea ni mkasi."

Siku ya kuchukua koti lake, mhasibu yule alitoka na shali mkononi.

Mwaka 1998 tuligeukia makoti mapana, yaliyonyooka kama sanduku, ya kukatwa mengi kwa mpigo. Nafasi ilikuwa finyu. Mimi ndiye niliyeamuru karatasi zote za kukatia mitindo ya zamani ziondolewe, na zikaenda kwa muuza karanga wa pembeni, akawa anazifungia karanga na mbegu. Bi Dalenda hakugombana nami. Kwa wiki tatu alinunua mbegu za alizeti kila mchana, akizikunjua zile karatasi moja moja. Alipata vipande kumi na moja. Sisi tulikula mbegu zake na kumtania kwamba amekuwa kasuku. Vilivyokosekana alivichora upya nyumbani, kwa kufumua nguo za marehemu mama yake.

Mwaka 2012 wakili mmoja alileta koti la bibi yake, akitaka la namna hiyo la kuvaa mahakamani. Bi Dalenda alimkatia. Baada ya mwezi walikuja wenzake, kisha wanawake wa benki, kisha wa wizarani. Makoti ya sanduku yalikuwa yametuelekeza kwenye kufunga milango. Makoti ya Bi Dalenda yaliifungua. Mwandishi wa gazeti alipokuja, Bi Dalenda alikuwa Béja akimuuguza dada yake. Nilipigwa picha mimi, na chini yake pakaandikwa kwamba mitindo ni yangu. Nilisema moyoni nitasahihisha kesho. Kesho hiyo imechukua miaka mitano.

Mara tatu aliomba apewe mtu wa kumfundisha: 2005, 2009 na 2014. Mara zote nilimjibu kwamba kazi ni nyingi, tungoje mwaka ujao. Mwezi uliopita Bwana Taoufik alimsihi abaki walau mwaka mmoja afundishe wasichana. Alijibu kwa upole kwamba macho yake hayaoni tena uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Karatasi anatuachia, lakini karatasi haikwambii wapi uongeze nusu kidole kwa mama aliyetoka kujifungua. Hilo alilijua kwa mkono, na mkono anaondoka nao.

Jumatatu nilimfuata mezani kwake, nikamweleza habari ya gazeti na kumwomba radhi. Alimaliza kwanza mstari wa chaki.

"Nililisoma siku ileile, Mongia. Nikangoja uniambie. Nilipochoka kungoja, nikarudi kazini."

"Na sasa?"

"Sasa andika ukweli, dada. Halafu tunywe chai."

Basi ukweli ni huu: kila koti linaloshika kiuno lililotoka humu tangu 2012, ukosi hadi pindo, ni la Dalenda Chaabane. Mimi nilisimamia tu vyerehani.

Bi Dalenda, asante kwa kazi, na kwa subira ambayo hatukuistahili. Mungu akupe afya, na asubuhi zisizo na haraka pamoja na dada yako huko Béja. Na mtu akikuuliza ulifanya kazi gani hapa Tunis, mwambie yote, usipunguze neno.