Udongo Unaobaki

Benchi la Idarous, muuza kahawa wa Majengo pale Thika, lilikuwa na miguu mitatu na tofali. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, Mkikuyu hakuruhusiwa kusafiri bila pasi, kwa hiyo wateja wake walisafiri kwa maneno tu. Jumapili hiyo msemaji alikuwa Muthoka, Mkamba aliyekuja likizo kutoka kwenye machimbo ya kilima kimoja huko Pwani. Kando yake aliketi Mzee Gathogo, fundi wa mipini ya majembe, kahawa ikimpoa mkononi. Mwanawe Bedan alikuwa amechimba pamoja na Muthoka. Mwaka uliopita homa ilimuua, akazikwa ubavuni mwa kilima kilekile. Na alfajiri hiyo Muthoka alikuwa amepita nyumbani kwa Gathogo, akamnong'oneza uani kwamba ubavu ule nao umeanza kuchimbwa. Gathogo hakumwambia mkewe.

— Hebu rudia, akasema Kagwe, aliyeitwa Redio kwa sababu alifagia sebule ya Mzungu yenye redio huko Ruiru. Ati mnachimba udongo tu?

— Udongo mwekundu, Muthoka akajibu. Zamani haukuwa na faida. Madini yake yameshikana kama mapacha, hakuna aliyeweza kuyaachanisha. Siku hizi huko Ulaya wanauchemsha kwa asidi, halafu maji yake yanapitishwa kwenye bomba refu lililojaa punje ndogondogo. Kila aina ya madini inatoka kwa zamu yake.

— Kama sisi pale ofisi ya pasi, akasema Idarous.

— Tofauti ni kwamba madini yanafika mwisho!

Wakacheka.

— Na ni ya kazi gani?

— Lile jiwe la kiberiti cha petroli, linalotoa cheche, limetengenezwa kwa hayohayo.

— Cheche? Redio akaruka. Mzungu avuke bahari kwa ajili ya cheche? Nimesikia kwa masikio yangu: wanatengeneza taa isiyozimika. Wataitundika juu ya Thika hii, usiku ufutwe kabisa, askari waone mpaka unachoota!

— Wee! Na tutalala saa ngapi?

— Kwa zamu, kama madini.

— Taa gani, Idarous akasema, akijaza vikombe. Wanahamisha udongo wetu polepole. Watakwenda kuumwaga baharini karibu na kwao, wapate nchi ya pili.

— Basi waanze na udongo wa kule Ngoliba. Ule wa vumbi tutawapakilia wenyewe!

Hata Gathogo alicheka. Kisha akainamia kikombe chake, kwa maana Njambi mkewe alikuwa akivuka barabara, ametoka kanisani, kitabu cha nyimbo kwapani.

— Muthoka, mwanangu. Hujambo?

— Sijambo, mama.

— Nimesikia kicheko cha Baba Bedan kutoka kule kona, nikapunguza mwendo nisikikatize. Ni siku nyingi.

Idarous akamnyooshea kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili, asinywe.

— Nina swali, mwanangu. Huo udongo, wakishatoa wanachotaka, unaobaki wanauweka wapi?

Muthoka akamtazama Gathogo.

— Kwa nini unauliza, Mama Bedan? Gathogo akasema upesi.

— Ukuta wetu ni wa madebe, Baba Bedan, haufichi mnong'ono. Niliamka kabla yako.

Hakusema kwa hasira. Aliendelea kumtazama Muthoka, kama mtu anayeulizia njia.

— Siku moja pasi zitakwisha, nami nitakwenda kwa Bedan. Nataka tu kujua nitasimama wapi.

— Mama, Muthoka akasema, kuna lundo... Malundo ni mengi, mama.

Idarous aliinamisha dele la kahawa juu ya kikombe cha Redio; yakatoka matone mawili na machicha.

Hakuna mwanamke aliyewahi kukaa kwenye benchi lile. Gathogo alisogea mpaka upande wa tofali, akapangusa mbao kwa mkono wa koti lake, na Njambi akakaa.