Lango Ambalo Cheche Hataki Kulivuka

Benchi la nje kwa Kinyozi lina mguu mmoja wa chuma. Aliuunga Cheche, fundi wa kuchomelea, ndiyo maana hapo hahamishwi na mtu. Leo anakunywa kahawa amenuna. Ndani, kwenye gemu ambalo Kinyozi huwawekea wateja wasichoke kusubiri, shujaa wa Cheche amefika langoni, na bibi mtabiri amemwambia: ukivuka na dada yako, atakufa. Gemu lilipomtaka ampe dada huyo jina, Cheche alimpa la dada yake wa damu, aliyemlea, na ambaye kesho anapasuliwa moyo. Sasa wiki nzima, badala ya kuvuka, shujaa analima kabichi.

— Vuka, bwana. Wateja wangu wamechoka kuangalia kabichi, — alisema Kinyozi.

— Sivuki.

— Waliotengeneza gemu walishapanga yote, — akadakia Mshonaji aliyeketi kando yake. — Hata kukataa kwako wamekupangia.

— Na kabichi?

— Kwani mbegu ulizitoa wapi?

Cheche akapiga funda la kahawa.

— Mimi nasema mtabiri kahongwa, — alisema Kinyozi. — Mfalme wa humo hataki watu wavuke.

— Wapi! — alisema Mshonaji. — Mtabiri ndiye huyo dada, uzeeni. Karudi nyuma kujionya.

— Basi hakufa, — Cheche aliwahi.

— Au karudi mzimu.

— Wewe, ishia hapo hapo.

Daktari alisema upasuaji una hatari, na asubuhi Cheche alitangaza nyumbani kwamba hospitali haendi mtu.

Mara dada yake akatokea, begi mkononi. Hakuwahi kukanyaga kijiweni hapo. Alisimama akawasikiliza.

— Huyo dada wa kwenye gemu ana silaha?

— Ana upinde, dada. Anatushinda wote, — Kinyozi alijibu.

— Na mmemuuliza kama anataka kuvuka?

Mshonaji akachungulia kikombe chake. Kinyozi akajikuna kidevu.

— Gemu halina pa kumuuliza, — Cheche alisema mwishowe.

— Mimi nipo hapa, na hukuniuliza. Wananitaka nikalale wodini leo. Naogopa, mdogo wangu, tena sana. Lakini sikukulea uje kunifungia ndani. Naenda.

Akageuka, akashika njia. Cheche akaweka kikombe chini, akamkimbilia, akampokea begi.