Simba Anayekula Mahindi

Ukungu wa Tukuyu ulikuwa bado umelalia mabati ya mtaa wa Msasani, lakini kijiwe cha kahawa kilishajaa. Meshaki, waliyemwita Digrii tangu arudi kutoka chuo na joho asilo na pa kulivaa, alikuwa amesimama na boksi la konfleksi, vipande vya mahindi vya kifungua kinywa, lenye picha ya simba anayecheka. Bosi wa kampuni alikuwa njiani kutoka Mbeya. Akikuta watu wanakula na kusifu, Digrii ana ajira. Akikuta wamenuna, basi ni kurudi Lufingo kuchuma chai ya watu.

— Hiki kitu kilianzia wapi? — aliuliza Bunge, dereva wa bodaboda asiyeacha hoja ipite bure.

Badala ya kunyamaza, Digrii akafundisha.

— Marekani. Daktari mmoja aliamini chakula kisicho na ladha kinapoza tamaa za mwili. Siku moja ngano iliyopikwa ikasahaulika, ikachacha. Wakaipitisha kwenye mashine, ikatoka vipande vipande. Mdogo wake akaja na mahindi, akatia sukari, akamwaga matangazo. Wakaburuzana mahakamani. That's marketing, wazee!

— Rudi hapo kwenye tamaa — alisema Hosea, aliyeitwa Mchungaji kwa kuwa alifukuzwa kwaya. — Inapoza?

— Ilikuwa imani yake tu, Mchungaji! Zero evidence!

— Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani; utazunguka wee, utarudi palepale kwenye tamaa. — Mchungaji akautoa mkono ndani ya boksi. — Mie nina mke mpya.

Bunge akapiga paja.

— Ndo maana wamechora simba! Simba na mahindi wapi na wapi? Wanaficha! Wakishatumaliza wanaume wa Rungwe, haya mashamba anabaki nayo nani?

— Nyie ndo maana hamuendelei! — Digrii alifoka, jasho likimtoka kwenye baridi ile. — Nimekesha chuo nasoma consumer behaviour, kumbe consumer mwenyewe ndo wewe? Bunge, kijiko kimoja tu, kaka. Please.

— Nitafune kikavu hivi, mimi kuku?

— Maziwa yanakuja!

Gari jeupe likasimama. Bosi akashuka, simu mkononi, tayari kurekodi. Nyuma yake akatokea Bibi Tulinagwe wa Ibighi, mwenye ng'ombe, amebeba birika.

— Mugonile — bibi akasalimia kwa Kinyakyusa.

— Ndaga, bibi. — Digrii akalipokea birika, akaruka. — La moto! Bibi, si nilisema maziwa ya baridi?

— Baridi yote hii nimpe mgeni maziwa mabichi? Nimeyachemsha mpaka yakapanda.

Bosi alishaanza kurekodi. Digrii akajaza konfleksi bakulini, akamimina maziwa. Vipande vikalegea, vikanywea, vikawa rojo la njano. Bunge akachovya kijiko, akakirudisha taratibu.

— Vipi, wanasemaje? — bosi aliuliza.

Bibi akachungulia bakuli, kisha akamtazama Digrii kwa huruma.

— Mjukuu wangu, kama ulikuwa unataka uji, si ungesema tu?

Bosi akazima simu. Digrii akamgeukia Bunge, na Bunge akageukia boksi. Simba alikuwa bado anacheka.