Mjomba Polepole Anakabidhi Usukani

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, dereva wa gari la wagonjwa la zahanati yetu anastaafu. Sisi humwita Mjomba Polepole. Wageni hushangaa dereva wa dharura kuitwa hivyo, lakini yeye hujibu kwamba polepole ndiyo mwendo.

Alipoanza kazi gari lilikuwa moja. Bado ni moja. Hospitali yenye daktari wa upasuaji iko mwendo wa saa mbili, na barabara yenyewe ni mashimo matupu. Kila mvua zilipokwisha, Mjomba alimpa usukani fundi wetu wa magari, akajilaza mwenyewe nyuma kwenye machela, ili ajue ni shimo lipi litamuumiza mgonjwa. Siku moja watu wa sokoni walimwona amelala chali, macho kafumba. Aliporudi nyumbani kula, alikuta majirani wamejaa uani na mkewe analia. Mama wa watu alifurahi, kisha akamgombeza wiki nzima.

Miaka miwili iliyopita ukaja ushauri wa afya wa akili bandia: unaiandikia simu dalili zako, inakujibu papo hapo. Wakubwa wakaona safari zitapungua, hivyo Mjomba akistaafu nafasi yake ifutwe. Tulikosa raha kwelikweli. Kumbe simu nayo, ikiona hatari, husema nenda hospitali haraka. Haisemi kwa gari gani. Wenye magari yao huondoka. Wengine wote walimpigia Mjomba.

Mmoja wao alikuwa mkwe wa fundi, mjamzito, kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu. Mashangazi walisema ni uchovu tu. Simu ilisema ni hatari, nasi wauguzi tulipompima tukakubaliana nayo. Mjomba alimfikisha. Leo mama huyo yupo nasi hapa ukumbini, kwenye sherehe hii ya kumuaga Mjomba, na mapacha wake, ambao hawajui kunyamaza.

Safari zikaongezeka badala ya kupungua. Mjomba, mtu wa maneno machache, aliwaendea wakubwa akawaomba walale wao kwenye machela, mara moja tu, kwenda na kurudi. Mmoja alikubali. Alishuka kashika kiuno, na habari ya kufuta nafasi ikaishia hapo.

Asante sana, Mjomba. Tutakukumbuka, na wengine wetu tutalia, tusifichane. Dereva mpya aliripoti kazini jana, binti makini. Kuanzia sasa simu ya dharura ikilia usiku, si yako. Tunakutakia usingizi mnono na maisha marefu.