Visu Thelathini na Kimoja vya Mzee Mfukoni

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mlioacha shughuli zenu kuja kutufuta machozi, familia imemteua kitinda mimba wa marehemu, yule muuguzi, asimame mbele yenu kusoma habari za maisha ya baba yake, na kabla hajaanza mjue kwamba marehemu mwenyewe aliagiza, akiwa na akili zake timamu na mkewe akisikia, kwamba habari za visu zisirukwe hata kidogo, hasa ile ya Jumamosi tarehe 6 Februari 2021, ambayo huyu anayesoma angefurahi sana kuiruka. Amekubali kuisoma kwa sababu siku ile aliharibu kitu, akamwahidi baba yake kukitengeneza, na hapa mbele ya jeneza ndipo pa kusema kama alimaliza kazi hiyo au hakuimaliza.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Juni 1944, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa baba seremala na mama fundi cherehani, na bibi yetu alikuwa akisimulia kwamba alikata uzi wa gauni la mteja, akajifungua, na kesho yake asubuhi akamalizia pindo la gauni lile lile, ingawa mashangazi walisema hapo alikuwa akitia chumvi, pindo lilimaliziwa na jirani.

Alianza shule ya msingi Januari 1952 na kuimaliza Novemba 1959, na katika cheti chake cha mwisho, ambacho kipo nyumbani na kila mtu anaweza kukiona, mwalimu wa darasa aliandika kwamba mwanafunzi huyu ana adabu, hesabu zake ni za wastani, ila mikono yake haitulii. Sentensi hiyo marehemu aliipenda kuliko sifa zote alizowahi kupewa, akawa anaisoma kwa sauti kila mjukuu alipoleta ripoti mbaya nyumbani.

Jumatatu tarehe 1 Februari 1960, akiwa na miaka kumi na mitano na miezi saba, aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, sehemu ya kujalidi vitabu, kazi yake ikiwa kufagia vipande vya karatasi na kuchemsha gundi, na asubuhi hiyo mama yake alimpa kisu cha kukunja alichokuwa akikatia nyuzi dukani, chenye mpini wa pembe nyeusi na bapa moja fupi, akamwonya asithubutu kwenda kazini kuazima visu vya watu, maana wenzake watamchoka hata saa nne haijafika. Kisu hicho ndicho kilichomtoa kwenye ufagio, kwa sababu msimamizi wa zamu alimkuta siku moja akikata uzi wa kitabu bila kuuvuta, akamwuliza kimenolewa na nani, akajibiwa kuwa ni mama, na tangu hapo akamweka mezani pamoja na mafundi.

Msimamizi huyo alimfundisha jambo ambalo sisi watoto tulilijua kabla ya kujua kusoma, yaani kukipima kisu kwa karatasi, unaishika karatasi hewani kwa mkono mmoja, unaikata kuanzia juu hadi chini kwa mvuto mmoja, kisha unaiinua dirishani kwenye mwanga na kuutazama ukingo, na ukiona unyoya mmoja tu wa karatasi umesimama, basi kisu kinarudi kwenye kinoo, hakuna cha kubembelezana.

Alifanya kazi hiyo kwa miaka arobaini na minne na miezi mitano, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2004, na katika miaka hiyo ndipo visu vilipoongezeka, kimoja aliachiwa na yule msimamizi alipostaafu, kingine alikikuta kimeliwa na kutu kwenye ndoo ya misumari sokoni, vingine aliletewa na watu waliochoka navyo, vya mpini wa mti, vya mfupa, vya pembe, vyote vya kizamani, vya kukunja kwa springi na kukaa mfukoni, kwani vile vipya vya kubonyeza kitufe vikachomoka alisema ni vya watu wenye haraka ya kwenda mahabusu. Mwaka 1988 vilifika thelathini na kimoja, akasema basi, kila tarehe ya mwezi imepata kisu chake, na kuanzia hapo aliyemletea kingine alikitengeneza na kumrudishia mwenyewe, hata akililiwa.

Kila asubuhi, baada ya kunawa uso na kabla ya kuvaa saa, alifungua droo ya kabati, akatoa kisu cha siku hiyo, akakifuta na kukitia mfuko wa kulia wa suruali, na sisi nyumbani hatukuhitaji kalenda, tulimwomba atoe kisu, tukajua ni tarehe ngapi. Mkono wake ulikuwa ukienda mfukoni kila alipoona mtu amekwama, na wageni wasiomjua walitabasamu wakidhani anatoa noti, kumbe kinatoka kisu, anawamenyea chungwa, na huo ndio mwanzo wa jina la Mzee Mfukoni, ambalo lilianzia kiwandani likamfuata hadi mtaani. Kisu alimpa mtu kikiwa kimekunjwa, na alitaka arudishiwe kikiwa kimekunjwa, ukimnyooshea kikiwa wazi alikutazama tu na kuweka mikono nyuma hata wewe mwenyewe uone haya.

Tarehe 17 Aprili 1986 tai ya meneja ilinaswa na mashine ya kuchapia ikaanza kumvuta shingo, watu wakapiga kelele, mwingine akakimbilia swichi iliyokuwa ukuta wa pili, na marehemu, kwa vile siku hiyo ilikuwa ya kile kisu cha mtunza bustani chenye bapa lililopinda, aliikata tai kwa mkato mmoja, akakikunja kisu, akarudi kwenye gundi yake kabla haijaganda. Meneja yule, ambaye tuko naye hapa leo, alikitunza kipande cha tai kilichobaki, na tangu siku hiyo hajavaa tai tena, hata leo mnaona shingo yake iko wazi, baba angecheka sana.

Marehemu alipata jiko Jumamosi tarehe 12 Desemba 1970, akimwoa karani wa shule aliyekuwa akileta madaftari ya mahudhurio yajalidiwe, na mama yetu anakiri, leo hadharani kwa mara ya kwanza, kwamba daftari la tatu halikuwa limechanika, alilichana mwenyewe njiani. Masharti yake ya ndoa yalikuwa mawili, kisu kisiwekwe mezani kikiwa wazi, na tarehe 12 ya kila mwezi mfukoni kiingie kile alichompa yeye, cha mpini wa mfupa, na masharti yote mawili yalitimizwa kwa miaka hamsini mfululizo. Walijaliwa watoto watatu, kifungua mimba ambaye ni fundi umeme, wa pili ambaye ni mwalimu, na kitinda mimba huyu muuguzi, na kupitia kwao wajukuu saba, ambao kila mmoja alipotimiza miaka kumi alifundishwa kumenya chungwa ganda lisikatike.

Mnamo Septemba 2018 mikono ya marehemu ilianza kutetemeka, madaktari wakasema ni maradhi ya mishipa ya fahamu, yanatulizwa kwa dawa lakini hayaponi, na yeye akajibu kwamba mwalimu wake alishayagundua tangu mwaka 1959.

Sasa tumefika pale alipotaka tufike. Jumamosi tarehe 6 Februari 2021, mama akiwa amempeleka baba kliniki, ambako visu haviingii, hivyo hata kile cha siku hiyo kilibaki kwenye droo, kitinda mimba alibaki nyumbani peke yake, na kwa kuwa kazini kwake alikuwa ameshona mikono mingi ya watu waliojikata, na kwa kuwa hakuwa na moyo wa kumnyang'anya mzee visu vyake, aliona amepata ufumbuzi wa busara, akaifungua droo, akavitoa vyote thelathini na kimoja, akakaa kwenye ngazi ya saruji ya mlango wa nyuma, akavisugua makali kimoja baada ya kingine mpaka vyote vikawa butu, akavifuta, akavirudisha kwa mpangilio wake, akanawa mikono, na roho yake ikatulia kabisa. Alikulia katika nyumba ya visu na bado alisahau kitu ambacho kila mwenye kisu anakijua, kwamba kisu kinachokata hukisukumi, ila kisichokata unakilazimisha, na ukikilazimisha kinateleza. Kesho yake asubuhi baba alishika chungwa, kisu cha tarehe saba kikakataa ganda, akakikandamiza, kikaruka kikaingia kidole gumba, nyuzi tatu, na aliyezishona ni huyo huyo binti yake, akilia hata haoni nyuzi vizuri.

Hakugomba, na afadhali angegomba. Alikwenda kwenye droo na kidole chake kilichofungwa bendeji, akavigusa vyote kimoja kimoja kwa ukucha, akaifunga droo, na kwa wiki tatu alitembea mfuko mtupu, akawa hajibu utani, hatoki kukaa barazani, anauliza watu leo tarehe ngapi, na mama akasema waziwazi kwamba mumewe anazimika akimwona. Kisha Jumapili tarehe 28 Februari alimpigia simu kitinda mimba, akamwambia asijisumbue na maua wala pole, aje Jumamosi na nguo za kazi, kwa sababu vilivyoharibiwa na mkono wake vitatengenezwa na mkono wake, vyote, na yeye hana nia ya kwenda popote kabla havijakata.

Basi kila Jumamosi asiyokuwa zamu, kwa karibu miaka miwili, binti alikaa kwenye ngazi ile ile na kinoo mapajani, na baba kwenye kiti pembeni, amefumba macho, kwa sababu mikono yake haikuweza tena kushikilia mlalo wa bapa lakini masikio yake yaliweza, alikuwa akisikiliza chuma kikipita juu ya jiwe, akasema umeinua mno, akasema hapo hapo, akasema rudia, unakwaruza chungu. Kisu cha kwanza kilichukua Jumamosi tano na kikaharibiwa mara mbili, cha tano kilichukua tatu, vya mwisho vilitoka kimoja kwa siku, na kila kilichofaulu karatasi yake dirishani kilirudi mfukoni kwa tarehe yake, hivyo mwezi baada ya mwezi mfuko ule ukajaa tena, na utani ukarudi, na mzee akarudi barazani. Sisi wengine tulioingia na kutoka tulidhani wananoa visu, kumbe baba na mwana walikuwa wakizungumza mambo ya maisha yote ambayo hawakuwahi kupata nafasi ya kuyazungumza.

Kisu cha thelathini kilifaulu Jumamosi tarehe 11 Februari 2023, kikabaki kile cha tarehe moja, cha bibi, ambacho bapa lake limeliwa na miaka hadi limekuwa jembamba, ukikosea halina tena chuma cha kukusamehe, na binti alikiogopa, akawa anakisogeza mwisho kila mara, wakakubaliana kukianza tarehe 25. Jumatatu tarehe 20 baba alilazwa kwa nimonia.

Wodini visu haviruhusiwi, na muuguzi mkuu hakuwa mtu wa kubembelezwa, lakini alipoletewa kile cha bibi akakijaribu kwenye bendeji, kikashindwa, akakijaribu kwenye karatasi, kikashindwa, akacheka na kusema hiki hata siagi iko salama, akaruhusu kikae, na kwa hiyo kosa la binti ndilo lililomwezesha baba kuwa na kisu mkononi kila siku hadi siku ya mwisho, na mwenyewe alimwambia hivyo, akamshukuru, akaongeza kwamba asivimbe kichwa. Kwa siku ishirini na tatu alibeba kisu kimoja tu, na daktari alipomwuliza leo ni tarehe ngapi kupima fahamu zake, alijibu kila asubuhi kwamba leo ni tarehe moja, ni siku yake ya kwanza kazini. Alituaga Jumanne tarehe 14 Machi 2023, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na kisu kilichokunjwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, hasa muuguzi mkuu kwa kuvunja sheria kwa macho makavu, inawashukuru majirani walioleta viti, maji na mabega ya kulilia, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliokuja na daftari la rambirambi walilolijalidi wenyewe usiku kucha, na kila mmoja wenu ambaye hatukuweza kumtaja.

Jana mchana, nyumba ikiwa imejaa watu, kitinda mimba alitoka na kisu cha bibi akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kiti cha pembeni kikiwa kitupu, hakuna wa kumwambia umeinua mno, akapiga moyo konde, akafumba macho, akasikiliza mwenyewe. Karatasi hii anayoisoma ilikuwa kubwa kuliko hivi, ameikata leo asubuhi kwa kisu hicho, hewani, kwa mvuto mmoja, akaiinua dirishani, akamwita mama aje atazame naye, na hata sasa mtu yeyote akitaka aje mbele autazame ukingo wake kwenye mwanga, hakuna unyoya hata mmoja uliosimama.

Baba, vyote thelathini na kimoja vinakata. Pumzika kwa amani.