Mashati Kumi na Mawili

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya chumba cha Fundi Cherehani, mguu mmoja umewekewa tofali. Asubuhi tunakuwa wanne: Fundi mwenyewe, Hansadi, karani mstaafu tuliyempa jina hilo la kumbukumbu za Bunge kwa sababu hasahau neno ulilosema hata miaka kumi iliyopita, Kinyozi, ambaye hajawahi kukosa jibu, na mimi, mshona viatu, ambaye kazi yangu ni kuwabishia wote. Leo Fundi hakugusa kahawa yake. Binti yake amepata chuo, na saa nne anakuja mtu na gari kununua cherehani zake zote tatu.

— Nielewesheni tu, akasema Fundi. Silalamiki. Nataka kujua imekuwaje.

Akatupigia hesabu kwa njia anayoijua. Bibi yake alishona mashati kumi na mawili ya sare, baba yake akasoma mwaka mzima. Ilipofika zamu ya dada yake, chuo kilekile, baba akauza cherehani moja kati ya nne, na dada akasoma mpaka akamaliza. Sasa ni zamu ya binti. Zimebaki tatu, na zote tatu zinakwenda.

— Na madarasa ni yaleyale, akamalizia.

— Tatizo ni geti, Kinyozi akadakia. Zamani chuo hakikuwa na geti, unaingia tu. Wakaweka geti, geti likataka mlinzi, mlinzi akataka kibanda, kibanda kikataka taa. Nani analipa? Wewe hapo.

— Walikuwa wanaibiwa nini mpaka wakaweka geti? nikamuuliza.

— Hilo ni swali jingine.

Hansadi akakohoa. Yeye anakumbuka milango. Ujanani alikuwa akipeleka barua pale chuoni, na ofisi zilikuwa mbili, ya mkuu na ya mhasibu. Mwaka jana alifuatilia cheti cha mjukuu wake, akapita milango kumi na mmoja, na ule wa mwisho ukamrudisha kwenye wa kwanza.

— Naibu mkuu ana msaidizi, msaidizi ana katibu, akasema. Na wote wamekalia viti vya kuzunguka.

— Kwa hiyo mwanangu ananunua viti, akasema Fundi.

— Vya kuzunguka.

Kinyozi hapendi kupitwa. Akaweka kikombe chini.

— Mimi nawaambia elimu yenyewe inaisha. Ile ya juujuu babu zetu walishaichota. Iliyobaki iko chini kabisa. Kuifikia lazima uchimbe, na kuchimba ni gharama.

Nilitaka kumcheka, nikajikuta nalifikiria neno lake. Hata Hansadi akauliza elimu hiyo inakadiriwa kukauka mwaka gani.

Hapo binti akatoka ndani, mkono mmoja ana bahasha ya chuo, mwingine kitambaa cha vumbi. Kumbe muda wote alikuwa anazifuta zile cherehani zimpendeze mnunuzi. Akatuamkia, tukaitikia.

— Baba, kozi ni miaka mitatu, akasema taratibu. Hizi ni za mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili tutauza nini?

Fundi akamtazama Hansadi. Hansadi akamtazama Kinyozi. Kinyozi akaanza kutafuta mfukoni kitu ambacho hakikuwemo. Mimi niliona aibu, sitaficha: nusu saa nzima tunachimba elimu, na hakuna aliyeugusa mwaka wa pili. Uso wa Fundi ulionyesha kuwa yeye alikuwa akiujua siku nyingi, na ndiyo maana alitaka tuongee mambo mengine.

Gari likafika kabla ya saa nne. Mnunuzi akashuka na kamba begani, akauliza aanze kupakia ipi.

— Kaa kwanza, ndugu yangu, Fundi akasema, akimsogezea nafasi kwenye benchi. Unywe kahawa, tuzungumze.

Nikainua birika nimmiminie. Kahawa ilikuwa imekwisha.